Naombeni msaada: programu ya Python nimeifunga iwe faili moja la .exe, inachelewa kufunguka na antivirusi inaifuta

MtotoWaUjiji:
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, nimetengeneza programu ya kompyuta kwa Python ya kurekodi mzigo wa dagaa, uzito, nani kachukua gunia ngapi na nani anadaiwa. Madirisha nimetumia Tkinter, databezi ni SQLite. Nimeifunga kwa PyInstaller na --onefile ili mtu abofye tu ifunguke, asihangaike na kuinstoli Python. Shida inakaa kama sekunde 20 ndo ifunguke, na antivirusi ya mteja imeshaifuta mara mbili. Nifanyeje iwe nyepesi? Folda sitaki, faili moja ni lazima. Nawasilisha.

Fundi_Mwamba:
Mkuu hilo faili moja ni kama gunia lililoshonwa mdomo. Ndani kuna Python yenyewe, maktaba zote ulizoita, picha, kila kitu. Ukibofya linafumuliwa kwanza kwenye folda ya muda ambayo jina lake linaanza na _MEI, ndo programu inaanza, na ukifunga ile folda inafutwa. Kila ukifungua kazi ni hiyo hiyo upya, ndo maana inachelewa. Antivirusi nazo zinaogopa programu inayojifumua hivyo maana virusi vingi huja kwa staili hiyo hiyo. Kama uliweka UPX, ile ya kubana faili liwe dogo, itoe. Mimi ningetumia --onedir, inayotoa folda badala ya faili moja, halafu ile folda naipitisha Inno Setup inanipa faili moja la kuinstolia. Mteja anapewa faili moja, anakuta ikoni kwenye desktopu, inafunguka fasta.
Databezi yako inakaa wapi?

MtotoWaUjiji:
Asante mkuu. Databezi haina shida, shida ni kasi na antivirusi. Folda siitaki kwa sababu karani wa pale alishawahi kufuta folda nzima ya picha akidhani ni takataka.

Mchumi_wa_Mwanga:
Dagaa na madeni si Excel inatosha jamani? Mimi duka langu la vifaa vya ujenzi naliendesha kwa Excel mwaka wa sita huu.

AsaliYaMiombo:
Mimi nipo Tabora, yalinikuta haya kwenye chama kimoja cha msingi cha tumbaku huko Urambo. Nimetengeneza programu kwenye laptopu yangu ya biti 64, nikaifunga vizuri, nikapanda gari mpaka kule, kufika kompyuta yao ni biti 32 tena Windows 7, ikagoma kabisa. Nikarudi Tabora nikafunga upya kwa Python ya biti 32, nikaenda tena, ikagoma tena inalalamika kuna faili la .dll halipo. Kumbe kuanzia Python 3.9 ya 2020 Windows 7 haiungwi mkono tena, mwisho wake ni 3.8. Nauli mara tatu! Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni Windows gani na biti ngapi, na naifungia programu kwenye mashine inayofanana na ya kwake. Uliza hilo kwanza mdogo wangu.

DadaNuru:
Mdogo wangu hujajibu alichouliza Fundi. Databezi inakaa wapi? Nipe ule mstari unaoifungua.

MtotoWaUjiji:
Nimetumia ile fankisheni ya kwenye vidio, inayotafuta njia kwa sys._MEIPASS, yaani ile folda ya muda ya _MEI. Logo na biashara.db zote zinapita humo.

DadaNuru:
Basi databezi yako imo ndani ya gunia. Kila mtu akifunga programu, ile folda inafutwa na alichoandika kinaenda nayo. Sema ukweli, data zinapotea?

MtotoWaUjiji:
Ndiyo dada. Sikutaka kusema kwa sababu mteja ni mama yangu mkubwa, yuko mwalo wa Kibirizi, ndiye aliyenisomesha. Tulianza Jumatano, tukatoa gunia 60, karani akaingiza madeni yote, Alhamisi asubuhi kufungua ni tupu. Nikamwambia mama mkubwa wasiifunge kabisa programu, waiache wazi mpaka mwisho wa mwezi nitakapoirekebisha. Hii njia inafanya kazi karani akiwa makini, ila Alhamisi na Ijumaa jioni alibofya X. Nusu ya hela nilishapokea, kumwambia sasa hivi aache nitamuumiza.

MwalimuMstaafu:
Kijana, aliyekusomesha humfichi. Kampelekee ukweli leo, kabla hajaenda kudai mtu bila ushahidi. Deni la gunia moja la dagaa limevunja ujamaa wa watu hapo hapo Kibirizi.

KapteniWaZiwa:
Wakuu hii ni chai. Mimi nipo Kibirizi, Jumatano ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi yote imelala mchangani, hakuna aliyewasha taa wiki nzima. Gunia 60 zimetoka wapi? Jamaa anatafuta njia ya kututangazia programu yake.

Mchumi_wa_Mwanga:
Eeh, Kapteni kasema. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, hilo hata mtoto analijua.

MtotoWaUjiji:
Kapteni nimesema tumetoa, sijasema tumevua. Ni mzigo mkavu wa stoo, mama mkubwa huuweka asubiri mbalamwezi, dagaa wakiadimika ndo anaufungua. Na siku hiyo ndo ilikuwa vurugu, saa tisa alasiri karani hajamaliza kupanga risiti umeme ukakatika, kompyuta ikazima pale pale, wateja wamejaa mlangoni. Daftari la siku hiyo halipo, tulishaamini kompyuta. Ningekuwa natunga ningetunga ambayo hainiumizi hivi.

DadaNuru:
Ngoja ngoja. Jumatano hamkuifunga, umeme ndo uliizima?

MtotoWaUjiji:
Ndiyo. Ulivyorudi usiku hatukuigusa mpaka asubuhi.

DadaNuru:
Na kodi zako zinafanya commit, yaani zinaandika kabisa kwenye databezi, kila deni likiingizwa?

MtotoWaUjiji:
Kila akibofya Hifadhi.

DadaNuru:
Basi kimbia Kibirizi. Ile folda inafutwa programu ikifungwa vizuri. Ikizimwa ghafla hakuna wa kuifuta, inabaki. Alhamisi ilipofunguliwa ilifumuliwa folda nyingine mpya yenye databezi tupu ndo mkaona hamna kitu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %TEMP%, tafuta folda zinazoanza na _MEI, angalia ya tarehe ya Jumatano. Nakili biashara.db kwenye flashi KABLA ya chochote, na mtu yeyote asiguse Disk Cleanup.

Fundi_Mwamba:
Nuru umeniwahi. Na mdogo wangu, logo iache kwenye _MEIPASS, inasomwa tu. Databezi ihamishie AppData ya mtumiaji, folda ya Windows ya kutunzia data za programu, ikiwa haipo programu iiunde yenyewe. Hapo hata ukibaki na faili lako moja data hazipotei.

KapteniWaZiwa:
Kama ni kweli stoo yenyewe naijua, ni ile ya mabati mapya karibu na vichanja. Nipo hapa nje nakusubiri.

MtotoWaUjiji:
Wakuu nimefika. Folda za _MEI zipo mbili, moja ya Jumatano. Nimenakili, nimefungua kwa DB Browser for SQLite kwenye laptopu yangu, mistari 23, majina, uzito, wa mwisho ameandikwa saa 8:51 mchana. Mama mkubwa amevaa miwani anayasoma moja moja, na nimeshamwambia kila kitu. Hakunigombeza, ameuliza tu Alhamisi na Ijumaa ziko wapi. Hizo hazipo, ila karani alirudi kuandika daftari kimya kimya bila kuniambia, tunaziingiza upya sasa hivi. Kapteni yuko hapa anatusomea maana mwandiko wa karani anauweza yeye peke yake.
Fundi, Inno Setup naijaribu usiku huu. Nitarudi na swali la antivirusi.