Wajitoleaji wa usharika na familia za shule yetu: tulikosea wapi?

Mratibu wa Uinjilisti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Usharika wetu wa Kilutheri una shule ya msingi iliyo uwanja mmoja na kanisa, na kwa muda mrefu tumejisifu kwamba shule hiyo ni mlango wa injili, ingawa zaidi ya nusu ya wazazi wanaoleta watoto kila asubuhi hawajawahi kuvuka uwanja huo kuingia kanisani. Wapo wa madhehebu mengine, wapo wa dini nyingine, na wapo waliobatizwa kwetu wakapotelea mbali mara tu baada ya Kipaimara. Mwaka jana baraza la wazee lilinituma nikusanye watu wa kujitolea wazitembelee familia hizo. Tangazo moja la Jumapili lilinipatia watu kumi na wanane. Nikawagawia orodha ya majina na namba za simu kutoka ofisi ya shule, tukaomba pamoja, wakaenda.

Yaliyofuata nayaandika kwa aibu kidogo. Familia moja ilitembelewa mara tatu ndani ya wiki mbili na watu watatu tofauti, kila mmoja akijitambulisha upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia, huku familia zaidi ya thelathini zikiwa hazijaona mtu hata mmoja. Mama mmoja aliposikia wageni wake "wametoka shuleni" aliingia ndani akarudi na stakabadhi zote za ada, kwa kuwa alidhani wamekuja kudai. Hadi muhula unakwisha nilikuwa nimebaki na wajitoleaji watano. Naomba mnisaidie kuelewa kama kasoro iko kwa watu, katika mpango, au katika wazo lenyewe la kuzifikia familia kupitia shule.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mratibu, pole, na ahsante kwa kusema wazi. Watu wako hawana kasoro. Usharika unaotoa wajitoleaji kumi na wanane kwa tangazo moja una hazina. Tatizo naliona kwenye ile orodha. Mtu mwenye kazi na watoto wake, ukimkabidhi majina arobaini bila kumwambia aanze na nani, aende mara ngapi na aache lini, atafanya machache, ataona haya kwa yaliyobaki, kisha ataanza kukukwepa mlangoni baada ya ibada. Mpe familia mbili tu, kwa mwaka mmoja wa masomo, awasiliane nazo walau mara moja kwa mwezi, na ajue jina la mtu mmoja anayempa taarifa. Mwaka ukiisha, mshukuru na umuulize kama anaendelea. Asilazimike kutoroka ili apumzike.

Jambo la pili ni mwalimu wa darasa, ambaye kwenye maelezo yako simwoni kabisa. Mzazi anamwamini yeye kabla ya kumwamini mwinjilisti yeyote. Katika shule moja niliyofundisha, siku ya wazazi kuchukua ripoti, mwalimu alikuwa akimkalisha mzazi kwenye dawati la mtoto, anamfungulia daftari, wanazungumza habari za mwandiko na hesabu, na wakishamaliza ndipo anamwita mjitoleaji aliyekuwa akisubiri kando: "Huyu ni msharika wetu, angependa kuifahamu familia yenu, mnaonaje akija siku moja?" Wengi walikubali, wachache wakakataa kwa adabu, na waliokataa hawakusumbuliwa tena. Ziara ya kwanza ikawa na mwaliko tayari.

Tatu, na hapa nitarefusha maneno kidogo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Martin Luther, mwanamatengenezo ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwahimiza waanzishe na kuendesha shule za Kikristo, na mwaka 1530 akawasisitizia wazazi wasiwatoe watoto shuleni. Lakini katikati ya miaka hiyo, mwaka 1529, alitoa Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya msingi ya imani, na juu ya sehemu zake kuu akaweka maneno yanayosema kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Shule haikukusudiwa kuchukua nafasi ya nyumba. Sasa tazama hali yetu: mtoto wa darasa la pili anarudi nyumbani anaijua sala ya asubuhi ya Katekisimu kwa moyo, na baba yake hajawahi kuisikia. Baba huyo anaweza kuona fahari, au anaweza kuona anaaibishwa na mwanawe mezani. Mjitoleaji akifika na nakala ya sala hiyo, akaketi, akamsikiliza baba kwanza, na akasali iwapo tu ameombwa, amefanya kazi ambayo mimi darasani nisingeweza kuifanya.

Mzazi, Darasa la Tatu

Naomba kusema kama mtu wa upande wa pili wa mlango. Mimi si Mlutheri. Nilichagua shule ya kanisa kwa sababu ya nidhamu na ufundishaji wake. Mlipochukua namba yangu ofisini bila kuniuliza (nasema "mlipochukua" kwa ujumla, maana na kwetu ilitokea) nilijiona nimesajiliwa katika jambo nisilolijua. Wekeni swali hilo kwenye fomu ya kujiunga, mzazi aandike ndiyo au hapana, na hapana yake iheshimiwe.

Kisha msiseme mmetoka shuleni. Semeni mmetoka usharikani. Shule ndiyo inayotoa alama, inayopandisha darasa na inayopokea ada, kwa hiyo mtu anayekuja kwa jina lake ananifanya nipime kila neno ninalolisema, nikihofia mwanangu ataathirika. Mama huyo wa stakabadhi namwelewa sana.

Pamoja na hayo, mmoja wa waliokuja kwangu alirudi mwezi uliofuata akamuuliza mdogo wake mwanangu, kwa jina, kama lile jino lililokuwa likilegea limeshang'oka. Hakuwa na kipeperushi. Alipotualika kwenye ibada ya Majilio ambayo darasa la mwanangu lingeimba, tulikwenda. Sijahama dhehebu langu, wala yeye hajaniomba nihame, na bado anakuja.

Mchungaji wa Kijijini

Naongeza mambo ya mipaka, maana hapo ndipo wachungaji huamshwa usiku. Sisi Walutheri tunakiri ukuhani wa waumini wote, yaani kila mwamini anaweza kumkaribia Mungu na kushuhudia imani yake, na Maandiko yanatuonyesha Prisila na Akila, mke na mume waumini, wakimchukua mhubiri Apolo kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hivyo msharika anapozungumza imani yake sebuleni kwa mtu haazimi kazi ya mchungaji. Hata hivyo Ungamo la Augsburg, tamko kuu la imani ya Kilutheri, kifungu cha 14, linasema mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti bila kuitwa ipasavyo. Kwa vitendo maana yake ni hii: mtoto akisema anataka kubatizwa, mjitoleaji afurahi naye, asiahidi tarehe, na awaelekeze wazazi kwa mchungaji, na pasipo ridhaa ya wazazi jambo hilo lisiendelee.

Waende wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale sabini, na mjitoleaji asibaki peke yake na mtoto kwa sababu yoyote, hata kama wazazi wametoka dakika tano kwenda kwa jirani. Kila anayejitolea achunguzwe kabla ya kutumwa, akiwamo yule mzee wa kanisa tunayemfahamu miaka yote. Wakikutana na ugomvi wa ndoa, ulevi au dalili kwamba mtoto anaumizwa, wajue mapema ni nani wa kumwambia siku hiyo hiyo.

Semina ndefu si lazima. Jioni moja inatosha, mradi sehemu kubwa ya jioni hiyo waigize zile dakika mbili za kwanza mlangoni, kwa sababu wengi huharibikiwa pale.

Mratibu wa Uinjilisti

Nimeguswa, hasa na habari ya jino. Nitaanza upya na hao watano pamoja na wenza wao wa kutembea nao, familia kumi za darasa la kwanza zitakazokuwa zimekubali kwa maandishi, na walimu wawili ambao wameridhia kuwatambulisha. Orodha ya zamani nimeichana. Limebaki swali dogo: daftari la taarifa za ziara likae wapi? Mkuu wa shule anapendekeza ofisini kwake.

Mwalimu Mstaafu

Lisikae shuleni kabisa. Likae kwa mchungaji, kabatini, na liandikwe tarehe ya ziara, waliokwenda na ziara ijayo, basi. Mzazi akikueleza ya moyoni mwake, hayo hayaandikwi.