Kisibiti na uzile: pilau yangu imeharibikia wapi?

Mgeni wa Leipzig
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi Leipzig, Ujerumani, na Jumapili iliyopita niliwapikia wageni pilau ya nyama kwa kipimo nilichofunzwa nyumbani Tanga: kilo moja ya mchele, vijiko viwili vya uzile uliotwangwa, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Dukani nilichukua pakiti iliyoandikwa Kümmel, kwa kuwa ndilo neno nililopewa na kamusi ya simu. Viungo vilipokutana na kitunguu kilichokwisha kuwa chekundu, ilipanda harufu kali iliyokaribiana na ya shamari, na pilau ikaliwa kwa heshima tu. Je, mbegu hizi zina kazi gani? Nimebakiwa na zaidi ya nusu pakiti, na jirani yangu, bibi wa Kijerumani, ananishauri nimchemshie mwanangu wa miezi 4 anayesumbuliwa na chango.

Mpishi wa Zamani
Wa alaykum salaam. Hicho ni kisibiti. Uzile, au bizari nyembamba kama tusemavyo wengine, Wajerumani huuita Kreuzkümmel, na neno hilo dogo la mbele ndilo lililokuponza. Mimina punje chache kiganjani uzitazame: kisibiti ni cheusi-cheusi, kimepinda kama mwezi mchanga, na kina mistari mitano myeupe iliyojitokeza, ilhali uzile ni wa rangi ya udongo, umenyooka, na ukiutazama kwa makini utauona una vinyweleo. Harufu ya kisibiti hutokana na karvoni, kemikali ya asili ambayo pia, kwa umbo lililogeuzwa kama sura katika kioo, ndiyo inayoipa nanaa harufu yake. Usikitie kwenye pilau tena, hata kidogo.

Mke wa Sfax
Naomba nikitetee kisibiti, maana nimeolewa Tunisia na huku hakikosekani jikoni: tunakitwanga pamoja na giligilani, kitunguu saumu na pilipili kavu kupata mchanganyiko wa viungo uitwao tabil, na wengi hukitia pia katika harisa, rojo la pilipili. Hapo Ujerumani kinatiwa kwenye mkate mweusi wa rai (nafaka iliyo jamaa ya ngano) na kwenye kabichi iliyochachishwa, na sababu si ladha pekee, kwani kabichi hujaza gesi na kisibiti husifiwa kuipunguza. Jaribu kijiko kimoja cha chai, kikiwa kizima, katika kabichi ya kukaanga.

Muuguzi Mstaafu
Kuhusu mtoto, dada, tafadhali usimpe. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe, na chai ya mbegu hujaza tumbo dogo lisilo na nafasi ya kupoteza. Kwa mtu mzima ni jambo jingine: Shirika la Dawa la Ulaya linakitambua kisibiti kuwa dawa ya asili ya tumbo lililojaa gesi, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi. Lebanoni na Syria hupika meghli, uji mzito wa unga wa mchele, kisibiti na mdalasini, mtoto anapozaliwa, lakini wanaoula ni mzazi na wageni. Mwanao akilia mfululizo, akitapika au akikataa kunyonya, mpeleke kwa daktari.

Mgeni wa Leipzig
Ahsanteni sana. Nimezipanga punje kwenye sahani nyeupe na mistari mitano nimeihesabu. Kabichi iko jikoni.