Nimeondoka na karatasi ya malaika kwenye mti wa kanisa, kumbe si pambo. Wa Episkopali nisaidieni

mama_wawili

Habari zenu wana jukwaa, na poleni na baridi mlioko huku.

Mi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, nimebatizwa na kupata kipaimara Muheza, nimekuja Marekani mwezi wa tatu na watoto wawili kumfuata mume, tuko mji mdogo tu Ohio. Kanisa la kutembea kwa mguu kutoka nyumbani ni la Episkopali, ndo Waanglikana wa huku, ndo tukaanza kusali hapo, ibada naifuata vizuri kabisa maana ni ile ile yetu ila kwa Kingereza, na ubani wanafukiza sikukuu kubwa, nikasema hapa nyumbani. Sasa Jumapili ya kwanza ya Majilio wametugawia matangazo ya msimu, kurasa sita nzima! Nimesoma mara tatu. Lugha si shida, shida mambo yenyewe.

Kwanza kuna mti pale ukumbini wanapokunywa kahawa baada ya ibada, umetundikwa malaika wa karatasi. Watu wanachukua wanaondoka nao, na mimi nikachukua wawili, mmoja kila mtoto, nikajua ni kumbukumbu ya Majilio, nikabandika kwenye friji. Jana usiku mume ametoka kazini anafungua friji ananiuliza huyu mvulana wa miaka 7 saizi 8 anayetaka koti la bluu ni nani. Nikageuza wa pili: msichana miaka 11, buti za theluji. Jamani nilikaa chini.

Pili, tarehe 21 jioni kuna ibada wameandika Krismasi ya Bluu. Nina kitenge cha bluu kizuri sana, ndo sare ya siku hiyo au?

Tatu, nimeletewa kadi kwa posta ya kuahidi sadaka ya mwaka mzima. Mi karatasi zangu za kazi bado hazijatoka, mume ndo anabeba kila kitu. Nisipojaza itakuaje?

La nne ndo linaninyima usingizi. Kanisa lina pantri ya chakula Jumamosi, yani wanagawa chakula bure kwa wenye shida. Mwezi wa nane mambo yalitubana, nikaenda mara mbili, nikapanga foleni na mfuko wangu kama wengine. Sasa mama mmoja mzee anayesimamia, mtu mzuri sana, Jumapili kanishika mkono ananiambia njoo utusaidie kugawa, msimu huu watu ni wengi. Nikasema ndiyo kwa aibu. Yani nisimame upande ule na wale niliopanga nao foleni wananiangalia? Watasema nini?

dodomaorijino

Dada karibu Marekani. Ila kabla ya malaika na makoti, hivi unajua hao ni kina nani? Maaskofu wetu Tanzania walishasema tangu 2006 kwamba ushirika na hao umeharibika vibaya, na sababu unaijua, ilianza na yule askofu shoga waliyemweka wakfu New Hampshire 2003. Kuna Waanglikana wengine huku walijitoa wakaunda kanisa lao 2009, tafuta hao. Na huo ubani wenyewe sisi wa Dodoma hatuujui, tumelelewa na wamisionari wa CMS, Biblia na wimbo basi.

mjukuu_wa_Masasi

@dodomaorijino mkuu mtu kauliza malaika wa kwenye friji wewe unamjibu 2006 😂 Hilo lina uzi wake humu lina kurasa mia, nenda kalifufue kule.

Dada wa Muheza, mi nakuelewa, sisi wa upande wa UMCA, wale wamisionari wa ubani, tukisikia chetezo kinalia tunajua tumefika. Nikuongezee tu jambo moja hawatakuandikia kwenye hizo kurasa sita: Krismasi yao ni usiku wa tarehe 24. Mi mwaka wa kwanza nikavaa suti asubuhi ya tarehe 25 kama kwetu, nikawahi kiti maana kwetu usipowahi unasalia chini ya mwembe, nikakuta tuko kumi na moja na padre. Kinanda hamna. Baada ya baraka kila mtu kashika njia kwake, wala pilau wala nini, nikala tambi peke yangu. Nenda usiku wa 24, na watoto walale mchana.

nyakio_MD

Mama wawili usijali, umenichekesha lakini si wewe wa kwanza. Mimi ni Mkenya, niko Maryland miaka kumi na tatu, ni mmoja wa wale wamama wa kuandaa madhabahu so hayo matangazo ya msimu mimi ndio huwa nasumbuliwa kuyasoma kabla hayajachapishwa.

Hio miti iko karibu kila kanisa huku, si Episkopali pekee. Kila malaika ni mtoto wa kweli, majina hayaandikwi, huwa yanatoka kwa shule ama ofisi ya ustawi wa jamii ama hao hao wa pantri. Ukichukua karatasi umesema wewe ndio utanunua, na unarudisha zawadi mpya kanisani na ile karatasi ukiwa umeibandika juu, BILA kufunga na karatasi ya zawadi (wazazi ndio hufunga wenyewe, wachague wampe mtoto saa gani). Angalia tarehe ya mwisho, mara nyingi ni Jumapili ya pili ama ya tatu ya Majilio. Kama huwezi, hakuna kesi, rudisha malaika mtini mapema, hata leo, mwingine atachukua. Kitu kibaya ni moja tu, malaika kukaa kwa friji hadi tarehe ishirini, maana huyo mtoto anakosa na hakuna mtu anajua ni nani alimchukua. Hio imetokea kwetu. Tulikimbia dukani usiku.

Ukitaka kubaki na mmoja ununue koti, usinunue pale madukani makubwa, ngoja Jumanne maduka ya mitumba mengi hushusha bei... hapana, wacha, lazima iwe mpya. Basi tafuta mwenzako mgawane, hata wazungu hufanya hivyo, familia mbili malaika mmoja.

Krismasi ya Bluu si sare 😅 ni ibada ya wenye huzuni. Waliofiwa mwaka huo, walioachwa, waliopoteza kazi, wale ambao zile nyimbo za kengele zinawachoma. Huwekwa karibu na tarehe 21 kwa sababu ndio usiku mrefu kuliko wote huku. Taa ni hafifu, nyimbo polepole, unawasha mshumaa unamtaja mtu wako kimoyomoyo unakaa. Mimi mama yangu alilala 2019 na sikuweza kusafiri kumzika, hio ndio ibada nililia vizuri. Kitenge vaa tu, hakuna mtu atakuuliza.

Usichanganye na bluu ya madhabahu, hio ni mambo ingine. Makanisa mengine ya huku huvaa bluu Majilio badala ya zambarau, yenu ikiwa ya zambarau basi ile Jumapili ya tatu usishtuke ukiona mshumaa wa waridi umewashwa.

Kadi ya ahadi: kanisa huku halina pesa inatoka juu, padre analipwa na washirika, umeme na kupasha moto pia, so kamati ya kanisa, wanaiita vestri, inataka kujua mapema mwaka ujao itapata ngapi ndio wapange bajeti kabla ya mkutano wa Januari. Kawaida mweka hazina peke yake ndio huona nani ameandika nini. Unaweza andika dola mbili kwa wiki. Unaweza kosa kuandika na uendelee kuweka kwa sahani. Hakuna mtu atasimama mbele asome majina na mafungu kama kwetu, hio sahau kabisa, na mimi kusema ukweli hio ndio kitu nawapendea.

Pia kuna maua mekundu ya Krismasi, utaona fomu. Unalipia chungu kimoja na jina la marehemu wako linachapishwa kwa karatasi ya ibada. Ni hiari.

Hio ya pantri wacha anayejua ajibu.

dodomaorijino

Sawa nimekaa kimya. Ila kwa habari ya sadaka nawatetea wa nyumbani, mnada wa mavuno hauna mfano. Yai moja linauzwa elfu kumi, mnunuzi analirudisha linauzwa tena, linatoka kanisani limejenga nyumba ya mchungaji nusu. Huko dada atapata wapi?

Nyarugusu_Kentucky

Dada mama wawili, ya nne nitajibu mimi.

Mi ni Mkongomani wa Kivu kusini, nimeishi kambi ya Nyarugusu pale Kigoma miaka kumi na sita, tumefika Kentucky 2015. Kwa hiyo foleni naijua, naijua kuliko kitu kingine chochote duniani nadhani. Foleni ya unga, ya maji, ya kadi kutobolewa, ya kusoma majina ubaoni kama umepangiwa safari. Tulipofika hapa watu waliotupokea walikuwa wa makanisa, Episkopali wakiwemo, wana shirika lao la kupokea wakimbizi, Episcopal Migration Ministries (mwezi wa tano 2025 walitangaza wanaacha kazi ile waliyokuwa wanafanya na serikali, mengi hapo, sitaki kuanza). Tulikuta nyumba imepangwa vitanda na sufuria, na kwenye kabati makopo. Makopo! Maboga ya kopo, matunda mekundu machungu ya kopo, supu ya uyoga ya kopo. Mke wangu akafungua moja akanusa akafunga.

Baada ya mwaka mmoja nikaombwa kama wewe, njoo ugawe. Siku ya kwanza nilisimama nyuma kabisa nikawa napasua maboksi ili nisionekane. Halafu nikaona mzee mmoja wa kwetu amefika mbele anapewa yale makopo ya maboga manne, anasema asante, asante, na mimi najua yataenda wapi. Nikatoka nyuma nikamwambia msimamizi, mama, hivi hawali, hawajui hata ni nini, wape mchele na maharage makavu na mafuta. Akaniangalia akasema mbona hakuna aliyetuambia? Nikamwambia mtu wa kwenye foleni hawezi kukuambia, akikuambia ataogopa wiki ijayo hatapewa.

Ikaingia kwenye matangazo yao, kabisa, kwamba wanaoleta vyakula walete mchele, maharage, samaki wa kopo, unga mweupe wa mahindi, na wakaacha kufunga mifuko wao, sasa mtu anapita na kigari anachagua kama dukani. Chakula kinachotupwa kilipungua, nilikuwa nabeba takataka mimi kwa hiyo najua.

Kwa hiyo hao uliopanga nao foleni watasema nini? Watasema yule anatujua. Wengine watanuna, ndiyo, mmoja alinisema ati nimekuwa mzungu, nikampa mchele akanyamaza. Na ukibanwa tena mwezi wa pili, unapanga foleni tena, unachukua chako. Kwetu hapa wanaogawa robo yao ni wanaopokea, wanachukua baada ya kazi.

Vitu vya kujua tu. Usimwombe mtu aje kusali wakati unampa chakula, chakula kile kinachotoka serikalini kimekatazwa kuwekewa masharti ya dini. Usiwapige picha. Tarehe ya kwenye kopo mara nyingi ni ya ubora, si sumu, lakini kopo lililovimba tupa bila kuuliza. Na wakikupa kazi ya watoto watakutaka ufanye mafunzo ya usalama na watachunguza rekodi zako, usione wanakushuku, hata padre anafanyiwa.

mjukuu_wa_Masasi

Samaki wa kopo na unga mweupe. Huyu awekwe kwenye vestri haraka.

Dada usisahau na ya Epifania, Januari 6 watakupa kipande cha chaki kilichobarikiwa, unaandika juu ya mlango mwaka na herufi C, M na B, za majina ya wale mamajusi. Mwenye nyumba wangu alidhani ni alama ya wezi.

mama_wawili

Nimerudi, wiki mbili zimepita samahani, watoto waliugua mafua.

Malaika wa buti nilimrudisha mtini Jumatano ile ile, padre akanifungulia mlango mwenyewe, nikamweleza habari ya friji akacheka mpaka akashika ukuta. Wa koti nilibaki naye, tumegawana na jirani mmoja wa kanisani, tumepata la bluu saizi 8 likiwa limeshushwa bei. Mwanangu kalijaribu akakataa kulivua, hiyo kesi nyingine. Kadi nimeandika dola tatu kwa wiki. Nyakio asante, tarehe 21 nitaenda. Nina mtu wangu wa kumtaja.

Pantri nimeenda Jumamosi mbili. Ya kwanza kama mlivyosema nilijificha kwenye maboksi. Juzi nikawekwa mezani, meza ya nafaka. Foleni imefika mpaka barabarani, theluji inadondoka, halafu nikasikia mama mmoja nyuma anaongea na simu kwa sauti kubwa kama yuko sokoni, "hawa nao sijui kama wana unga wa ugali, mwaka jana walinipa maboga!" Nikajibu kutoka mezani, "leo hakuna mama, ila mchele upo." Simu ilimdondoka. Ni wa Bujumbura, yuko mtaa wa tatu kutoka kwangu, miezi yote hiyo tunapishana.

Nimemwambia msimamizi habari ya unga mweupe, kakubali, anataka nimwandikie aina na bei nafuu aweke kwenye matangazo ya Januari. Sasa wa Ohio niambieni, unga unaokaribiana na sembe yetu mnanunua wapi kwa mfuko mkubwa? Huu wa duka la Wameksiko naona unanata.