Masikio yanavuma na hedifoni bado tunazitaka: tupeane uzoefu

Jameni, naanza mimi. Sikio langu la kushoto linalia tangu mwaka jana, mlio mwembamba usiokatika. Mchana siusikii sana. Usiku, mtaa wetu wa Umoja ukitulia, ndio unatawala chumba. Nilipoambiwa hiyo ni tinitasi niliogopa nikafungia hedifoni kabatini. Miezi mitatu bila muziki, na mlio haukupungua hata kidogo.

Baadaye nikagundua kosa langu lilikuwa kwenye matatu. Gari likipiga besi mpaka kiti kinatetemeka, nilikuwa napandisha simu hadi mwisho ili nisikie yangu. Sasa humo ndani naweka vizibo vya povu vya duka la dawa, basi. Muziki wangu unangoja nyumbani, na huko hata nusu ya sauti inanitosha. Nyinyi mnafanyaje?

Wa Rongai:
Pole sana. Mimi napokea simu za wateja, masaa manane kwa siku. Tulipewa hedifoni za sikio moja, na sikio la pili likawa linajaa maneno ya wenzangu ishirini. Nikawa napandisha, napandisha. Nilimwomba msimamizi ile ya masikio mawili akanikatalia mara mbili, nikaenda kuinunua mwenyewe. Siku ya kwanza nilishusha sauti bila hata kufikiri, maana nilikuwa sishindani tena na chumba. Tena ukisikiliza kwa masikio yote mawili ubongo hujumlisha, kwa hiyo sauti ya chini inatosha. Jioni mlio bado upo, lakini haunitoi machozi kama zamani.

Fundi wa mitambo, Kariobangi:
Nimeendesha spika za kanisa miaka mingi na masikio yangu yamelipa. Hesabu ninayofuata ni ya Shirika la Afya Duniani: kwa mtu mzima, desibeli 80 (desibeli ndicho kipimo cha ukali wa sauti) kwa masaa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu. Ukifika 90 umebakiwa na masaa 4 tu, wiki nzima! Watoto wanawekewa 75, kwa hiyo mzazi usimpe mtoto hedifoni ukadhani kipimo chake ni chako. Simu nyingi siku hizi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Kiweke ukiwa umetulia chumbani, si ukiwa steji.

Mama wa watoto wawili, Kayole:
Dada yangu aliniletea zile zinazofuta kelele za nje. Nilizivaa bila kucheza chochote, mlio ukaja kama king'ora. Nilizivua nikitetemeka. Kumbe kimya chenyewe ndicho kinaupa nafasi. Siku hizi nikizivaa nacheza sauti ya mvua, chini kidogo ya mlio wenyewe. Sijaribu kuuzika, kwa sababu ukitaka kuuzika utapandisha sauti mpaka ujiumize. Kulala nazo hapana: masikio yanatoka jasho na kuuma. Karibu na kitanda naweka redio ndogo, naiacha inong'one.

Wa Pangani:
Yangu ilikuwa nta. Visikizi vya kuchomeka viliisukuma ndani, nami nikaizidisha kwa kijiti cha kiberiti. Ilitolewa kliniki, mlio ukaisha. Msijichokoe.

Wa Rongai:
Mwenye mada, umesema sikio moja tu. Umeshapimwa? Mlio wa upande mmoja, au unaodunda pamoja na moyo, unataka daktari wa masikio. Na usikivu ukishuka ghafla, ni siku hiyo hiyo, usingoje. Binamu yangu alidhani ni mafua, akakaa wiki tatu. Dawa hufaa zaidi zikianzwa mapema, na yeye sikio hilo halikurudi.

Mwenye mada:
Asante, ndugu yangu. Sijapimwa, nilikuwa nahofia majibu. Nimepata nafasi ya Alhamisi na mume wangu atanisindikiza. Nitawaambia nilichoambiwa. Aliyetumia hedifoni zile zinazokaa juu ya mfupa mbele ya sikio naomba aeleze. Najua sauti yake inafika sikio la ndani lile lile, kwa hiyo nazo ni za kushusha, lakini ningependa kujua kama unaweza kutembea nazo barabarani ukasikia pikipiki inayokuja nyuma yako.