Nyama ya digidigi ya maabara: dawa ya ujangili au danadana za wasomi?

Kizota_Maabara (mleta mada):
Wadau, hoja ni hii. Kuanzia pori la akiba la Swagaswaga mpaka lile la Mkungunero, huku Dodoma, digidigi na kanga wanaliwa kimya kimya. Mabucha ya nyamapori yenye kibali yapo, lakini mla kitoweo cha magendo hajashtuka. Wenzetu Singapore waliruhusu kuku wa seli, yaani nyama iliyokuzwa maabara kutoka kwenye seli za kuku, Desemba 2020, Marekani ikafuata 2023, na kampuni ya Vow ya Australia imeshaweka mezani kware aliyekuzwa kwenye tangi. Kwa nini Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI Mpwapwa, wasianze na digidigi? Mnyama anapigwa ganzi, kinyofo cha msuli kama punje ya mahindi kinatolewa pajani, anaachiwa aende zake. Seli shina, zile zinazoweza kugawanyika na kuwa msuli, zinatenganishwa kwa kimeng'enya, zinakuzwa kwenye nyuzi 37 na kaboni dioksidi asilimia 5. Seli milioni 1 zikigawanyika mara 17 una bilioni 131. Bila kumwaga tone la damu.

Mzee_wa_Bahi_Road:
"Bila kumwaga tone la damu"? Usitufanye watoto mkuu. Hizo seli zinakula nini? Seramu, yaani maji ya damu, ya ndama aliyeko tumboni; ni asilimia 10 hadi 20 ya uji wao, yale maji ya lishe zinamokuzwa. Ng'ombe mwenye mimba anachinjwa, ndama anachomwa sindano moyoni kutoa damu, inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, inachujwa. Unaokoa digidigi kwa kumaliza ndama, halafu unaita huruma.

Kizota_Maabara:
Mzee, umekwama 2013, enzi za mwanasayansi Mark Post na ile baga yake ya maabara ya euro 250,000 iliyoonjwa London. Uji usio na seramu upo siku nyingi: insulini, transferini, seleniamu, albumini na FGF2, protini inayochochea seli zigawanyike. Soma kwanza ndipo ubishe.

Dada_Mpwapwa:
Na wewe soma bei. FGF2 ikikaa kwenye nyuzi 37 inapoteza nguvu ndani ya siku moja, kwa hiyo unaongeza kila mara au unanunua ile iliyorekebishwa ivumilie joto. Hapo hujafika kwenye maikoplazima, bakteria wadogo mno wanaovamia seli za maabara. Haina ukuta wa seli, penisilini haiigusi. Inapenya chujio la maikroni 0.2, na uji unabaki angavu kama hakuna kitu. Unachoona ni seli kuzubaa tu, wiki nzima unamlaumu aliyechanganya uji. Usipopima kwa PCR, kipimo cha vinasaba, mara kwa mara unamwaga tangi zima.

Halafu hizo bilioni 131 ni seli, si nyama. Ili ziungane kuwa nyuzi za msuli unazinyima chakula: kama ulitumia seramu, unaishusha hadi asilimia 2. Ukizigawanya kupita kiasi zinakataa kuungana. Zikikubali, oksijeni haipenyi hata robo milimita, katikati panaoza. Mwisho wa siku utapata utando wa kuteleza kama mlenda wa Wagogo, ndiyo umwambie mtu ni digidigi.

Mgogo_Halisi:
Samahani dada, mlenda umeingiaje hapa? Kila mjadala wa Dodoma lazima mtu auchokoze mlenda. Ilende, mlenda wetu mkavu, wa karanga unaujua au umeusikia kwenye daladala?

Mzee_wa_Bahi_Road:
Hahaa, sasa wamegusa pabaya.

Kizuizi_Kondoa:
Niulize kitu. Gari linasimamishwa usiku, nyuma kuna kilo 5 za digidigi, dereva anatoa risiti ya maabara. Askari afanyeje? Kipimo cha DNA kitasema digidigi, basi. Hakitasema alikuwa na miguu au alitoka tangini. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inambana anayekutwa na nyara, nyama ikiwemo, bila kibali. Ukihalalisha hii, kila jangili atakuwa na risiti mfukoni.

Mgogo_Halisi:
Na kwa taarifa yenu, utelezi wa mlenda ni minyororo mirefu ya sukari ya mmea, ndugu wa alijineti, ile gundi mnayoagiza kwa dola kutengenezea viunzi vya kushikilia seli. Mnacheka chakula cha watu huku mnanunua mlenda wa Wazungu.

Forodhani_2:
Dola za nini? Alijineti si ndiyo inatoka kwenye mwani wetu Zanzibar?

Dada_Mpwapwa:
Hapana kaka. Spinosamu na kotonii, mwani unaolimwa Zanzibar, zinatoa karajinani, gundi nyingine. Alijineti inatoka kwenye mwani wa kahawia. Tofauti si ndogo: alijineti unaidondosha kwenye maji ya kalsiamu kloraidi, inaganda papo hapo bila moto, seli zikiwa hai ndani. Karajinani ya kotonii inataka ipashwe moto kwanza. Na seli za msuli hazishiki hata moja kati ya hizo mbili; bila kuchanganya jelatini zinabaki viduara, hazinyooki.

Mgogo_Halisi, kama unataka mlenda uingie maabara: chuja utelezi kwa kitambaa, mimina spiriti ya asilimia 95 mara tatu ya ujazo wake, utatoka kama uzi mweupe, kausha. Shida ni kuua vijidudu. Nyuzi 121 kwa dakika 15 zinaweza kukatakata ile minyororo, utelezi ukapungua. Na magadi usitie kabisa, yanapandisha pH (kipimo cha uchachu), na seli zinataka 7.2 hadi 7.4.

Kizota_Maabara:
Jamani, mada ni ujangili. Kuna aliyemjibu Kizuizi_Kondoa?

Mgogo_Halisi:
Subiri kwanza. Mlenda bila magadi? Dada, nani alikufundisha kupika?

Dada_Mpwapwa:
Sipiki, nachuja. Majani mabichi yanateleza yenyewe.

Mgogo_Halisi:
Nani kataja mabichi? Ilende ni wa kukausha na kusaga. Magadi yanatangulia kwenye maji, unga unafuata, karanga mwisho.

Mzee_wa_Bahi_Road:
Karanga mwisho? Kwetu zinaanza na nyanya.