Tupeane uzoefu: mafuta ya kupaka mbao tunayochanganya wenyewe na namna ya kuyahifadhi

Fundi wa Chang'ombe, Dodoma (mwanzisha mada)

Ndugu mafundi, habari za kazi. Wengi wetu tumeanza kupunguza vanishi na kuchanganya mafuta wenyewe, lakini kila mmoja anajifunza kwa hasara yake. Naomba anayechangia asimulie lililomtokea yeye, si alilolisikia kijiweni.

Nianze mimi. Mchanganyiko wangu ni kikombe kimoja cha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo madukani tunayaita linsidi, kimoja cha vanishi ya mafuta na kimoja cha tapentaini. Napaka kwa tambara, nasubiri robo saa, kisha nafuta kila kilichobaki juu, kwa maana mafuta yakiachwa juu ya mbao hugeuka gundi. Kwenye mninga sijaona cha kuyashinda.

Kilichonitesa ni kuhifadhi. Mwaka jana nilichanganya dumu la lita tano, nikatumia kama nusu, nikalifunga vizuri na kulisukumia uvunguni mwa meza. Baada ya miezi miwili nilikuta dumu limebonyea pande zote mbili kana kwamba mtu amelikalia, na ndani umetanda utando mzito ambao kijiti hakikupenya kwa urahisi. Nilimlaumu muuza duka bure. Tapentaini huruka, lakini mafuta yenyewe hukauka kwa kunyonya oksijeni, na hewa niliyoifungia mle ndani ndiyo iliyonyonywa hadi dumu likajivuta. Siku hizi natumia chupa za kioo za nusu lita, nazijaza hadi shingoni na kuziweka kabatini mbali na jua. Kila ninapopunguza mafuta, nadondosha gololi ili yapande tena hadi juu. Gololi za watoto zilipokwisha nilihamia kokoto za korongoni, ambazo naziosha na kuzikausha kabisa kwanza.

Dada wa Kongwa

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi natengeneza miiko na vibao vya kukatia mboga. Huku kwetu alizeti ndiyo mafuta, na mashine ya kukamulia iko mtaa wa pili, kwa hiyo niliona ni upuuzi kununua mafuta ya kutoka nje. Vibao vilipendeza kwa wiki mbili. Ulipoingia upepo wa Agosti, vumbi jekundu lilinasa juu yake hadi ukipitisha kiganja unahisi msasa, na mteja mmoja alinirudishia chake kikinuka mafuta yaliyochacha. Nilikuja kuelewa kwamba alizeti hukauka nusunusu, nayo nyonyo haikauki hata ukisubiri mwaka.

Sasa natumia linsidi mbichi isiyotiwa kitu. Ile inayouzwa kwa jina la iliyochemshwa mara nyingi hutiwa chumvi za madini kama kobalti au manganizi ili ikauke haraka, na kwa chombo cha chakula mimi siitaki. Mbichi inataka subira: navitundika vibao wiki tatu au nne, ndani, upepo usikofika. Halafu napaka nta ya nyuki inayoletwa kutoka Manyoni, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta hayohayo, kwa kupima uzito. Nayeyusha kwa sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwani nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu na haina haja ya kuguswa na moto. Atakayeongeza tapentaini aipue sufuria ya nta kwanza na kuitoa mbali na jiko.

Mchonga fimbo, Mpwapwa

Kwa mpingo msijisumbue. Mti huo una utomvu wake unaozuia mafuta kukauka. Fimbo zangu tatu zilinata miezi miwili. Nasugua kwa msasa laini kabisa, nafuta kwa spiriti, namalizia kwa nta.

Kijana wa Nkuhungu

Tafadhali tuandike majina na tarehe kwenye chupa. Tapentaini yangu ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na mwanafunzi wangu wa kazi alikuwa ameshaipeleka mdomoni ndipo harufu ikamshtua.

Mzee wa Majengo

Marahaba, mwanangu wa Kongwa. Vijana mmesema ya chupa, mimi nitasema ya matambara. Miaka kadhaa iliyopita tulimaliza meza ya mkutano jioni, tukakusanya matambara yote yenye linsidi, tukayashindilia kwenye gunia la maranda na kufunga karakana. Nilikuwa nimesahau simu, nikarudi baada ya saa tatu hivi. Nilisikia harufu kama ya mafuta yanayoungua kikaangoni, wakati hakukuwa na jiko wala umeme. Nilipotia mkono kwenye gunia niliutoa haraka: katikati palikuwa pa moto na tambara la ndani limeshakuwa la kahawia. Tuliliburuta hadi uwanjani, na tulipolifungua moshi ukaanza kutoka. Mafuta yanapokauka hutoa joto. Tambara likitandazwa joto hupotea, likifinyangwa joto hujikusanya hadi lijiwashe lenyewe. Laiti ningekuwa na simu mfukoni jioni ile, nisingekuwa na karakana asubuhi.

Kijana wa Nkuhungu

Mzee wangu, nimesoma na kwenda kuangalia pipa langu la taka saa hii hii. Sasa matambara tuyaweke wapi?

Mzee wa Majengo

Wengine huyazamisha kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, lakini maji kwetu ni ya kuhesabu. Mimi nimefunga waya kando ya uzio, mbali na mbao na maranda. Kila tambara linatundikwa peke yake, bila kukunjwa, hadi likakamae, ndipo linapokwenda jalalani.