Mafundi watatu wamenibadilishia honi mara tatu kwenye Beetle, kumbe zote walizotoa ni nzima

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, ya volti 12, niliyoachiwa na marehemu baba. Kwa miezi saba honi yake imekuwa ikilia inapotaka. Asubuhi inalia safi, mchana kimya. Ukikata kona kushoto inaitika, ukinyoosha usukani unabonyeza mpaka kidole kinauma. Siku nyingine inakoroma tu. Mafundi watatu, honi tatu mpya, na hakuna hata mmoja aliyelala chini ya gari kufuatilia umeme unapita wapi.

Kabla mtu hajaniambia honi ni kitu kidogo: miezi miwili iliyopita mtoto alichomoka katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa, anakimbiza mpira. Nikabonyeza. Kimya. Nikakanyaga breki, na wenye gari za breki za ngoma mnajua zinavyotaka nguvu. Gari likasimama. Mtoto akaokota mpira wake akaenda zake bila hata kugeuka, kwa sababu hakuna alichosikia. Mimi nilibaki pale mikono inatetemeka, nikashindwa kuondoa gari. Kwa hiyo tafadhali, asije mtu hapa na "ni honi tu hiyo, mkuu".

Sasa niwaambie walichofanya.

Wa kwanza alichukua bisibisi akaanza kuzungusha skrubu ya nyuma ya honi, huku na huku, bila kupima chochote. Ile skrubu ina kazi yake. Ndani ya honi kuna sumaku ya umeme, kiwambo cha bati na platini, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme na kuachana kuukata. Umeme ukipita, sumaku inavuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa kinaachanisha platini, umeme unakatika. Kiwambo kinarudi, platini zinagusana tena. Hivyo hivyo mara mamia kwa sekunde moja, na huo mtetemo ndio mlio unaousikia. Skrubu inapanga platini ziachane wapi. Ukiizidisha upande mmoja platini hazigusani kabisa, ukiizidisha upande wa pili haziachani kabisa, na kote huko honi inanyamaza. Yeye aliizungusha mpaka ikanyamaza moja kwa moja, halafu akaniambia, "Imekufa hii, leta nyingine." Aliyeiua ni yeye mwenyewe! Nilileta nyingine. Ikalia siku tatu.

Wa pili angalau alikuwa na mita. Akapima kwenye honi, waya wa kwanza volti 12, waya wa pili volti 12. Akasema umeme unafika kote, basi honi mbovu. Hapa ndipo ninapochoka kabisa, maana huyu ndiye aliyekuwa na jibu mkononi akalitupa. Kwenye Beetle umeme wa chanya unakwenda kwenye honi moja kwa moja kupitia fyuzi ukishawasha swichi. Kitufe cha usukani hakipeleki chanya, kinakamilisha njia ya hasi tu. Kwa hiyo bila kubonyeza, kuona volti 12 pande zote mbili ni sawa kabisa. Swali ni moja: ukibonyeza, ule waya wa pili unashuka mpaka karibu na sifuri au haushuki? Kama haushuki, honi haina kosa, hasi ndiyo haifiki. Ni kipimo cha nusu dakika. Hakukifanya. Akafunga honi mpya ya pili.

Na nilipofika nyumbani nikafungua kisanduku cha fyuzi, zile fyuzi za zamani zenye ncha mbili zinazokaa kwenye vibanio vya shaba. Fyuzi nyeupe ya ampea 8 imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Wakuu, tangi la petroli la Beetle liko mbele! Waya zikichemka kwa sababu mtu ameziba fyuzi kwa karatasi, waya ndio utakaoungua kabla ya hiyo karatasi. Huyo mtu anaitwa fundi, na watu wanamkabidhi magari wanayopakia watoto wao.

Wa tatu nilimwendea baada ya tukio la mtoto, nikiwa na haraka, na hilo najilaumu. Alikata waya za asili, akatoboa dashibodi (ya bati, rangi yake ya kiwandani, haijawahi kuguswa tangu 1969), akapachika swichi ya kengele ya mlango, na akavuta chanya kutoka kwenye betri bila fyuzi yoyote. Honi mpya ya tatu juu yake. Swichi ile imetengenezwa kwa umeme mdogo wa kengele, haikutengenezwa kubeba ampea 4 au zaidi za honi. Wiki ya pili ikaungua ndani ikagandana, honi ikalia yenyewe usiku wa manane mpaka nikachomoa waya wa betri. Nilipomrudia akanijibu, "Mzee, magari ya kizamani ndivyo yalivyo."

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike. Gari halina kosa. Mzunguko wa honi ya gari hili ni rahisi kuliko wa taa za nyuma za gari lolote la leo.

Jumamosi nikaamua kufanya mwenyewe. Kwanza nikazitoa kwenye boksi honi zote tatu walizozibandua: ile ya asili na mbili mpya. Nikaziunga moja moja kwenye betri kwa waya mbili. Zile mbili mpya zililia kwa nguvu palepale. Ya asili niliirudisha skrubu robo mzunguko, ikalia vizuri kuzishinda. Nilikaa chini kwa hasira.

Halafu nikaunganisha tena waya za asili alizokata yule wa tatu, nikachukua taa ya kujaribia badala ya mita. Taa inavuta umeme, mita haivuti, na uunganisho mbovu unajificha mpaka uubebeshe mzigo. Nyuzi mbili tatu za waya zilizobaki zinaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita. Lakini honi ya ampea 4 ikipita mahali penye ukinzani wa ohm 1 tu, volti 3 hivi zinapotea njiani, na hapo ndipo inapokoroma.

Nikagusisha waya wa hasi wa honi kwenye bati safi la bodi: ikalia kila mara. Kwa hiyo fyuzi, waya wa chanya na honi vyote vizima. Nikapanda juu, nikatoa kifuniko cha usukani, kitufe kisafi. Basi imebaki njia ya kati, ile ya hasi kutoka kwenye kitufe kushuka na mhimili wa usukani mpaka kwenye bodi. Nikaingia uvunguni.

Mhimili wa usukani unaungana na giaboksi ya usukani kwa kiungo cha mpira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna kiwaya kifupi kinachouruka ule mpira. Hicho kiwaya kimekuwa kikijikunja kila usukani unapozungushwa, miaka yote hiyo. Kwa nje ganda lake zima. Ndani, nyuzi zimekatika karibu zote. Ukikata kushoto zinagusana, ukinyoosha zinaachana. Nilimwambia kila mmoja wao, kwa mdomo wangu, kwamba ikikatwa kona kushoto inalia! Wote watatu walinisikia.

Nimeweka kiwaya kipya laini chenye nyuzi nyingi, nikasugua kutu kwa msasa pale kinapobanwa, nikapaka grisi kidogo juu. Honi ya baba yangu imerudi mahali pake chini ya madigadi ya kushoto. Nimeipiga usukani ukiwa kushoto kabisa, kulia kabisa na katikati, gari likiwa la baridi na likiwa la moto. Inalia.

Fyuzi nimenunua mpya na vibanio nimevisafisha. Waya wa yule wa tatu wa kutoka kwenye betri nimeung'oa wote.

Limebaki tundu kwenye dashibodi, upana wa kidole gumba, kulia kwa redio. Kama kuna mtu hapa amewahi kuziba tundu kwenye bati lenye rangi ya asili bila kupaka upya dashibodi nzima, naomba anieleze alivyofanya. Na mafundi mliomo humu, mteja akiwaambia honi inalia akikata kona, nawaomba muuangalie usukani kabla ya kumwambia anunue honi.